Bolti Mbili za Mbele

Pikipiki iliporudi kutoka yadi ya polisi ilikuja kwa mafungu mawili: kiwiliwili chake juu ya mkokoteni, na vilivyobaki ndani ya gunia. Wabebaji walitaka kuiacha uani, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili zake angefanya. Lakini mwenye nyumba, aliyekuwa amelala chali kwa miezi minane, alipaza sauti kutoka chumbani.

"Iingizeni ndani. Ina chumba chake."

Wabebaji wakamtazama mkewe. Mkewe akawafungulia mlango wa chumba cha pili.

Na kweli kilikuwa chumba chake. Kwa miaka kumi na tisa pikipiki ile ya Kitaliano ililala humo ndani, mahali ambapo watu wengine huweka wageni. Chini palitandikwa turubai, ukutani spana zilipangwa kwa ukubwa, na dirishani palikuwa na pazia zito kwa sababu jua hukausha mpira. Fundi, huyo mwenye nyumba, aliipata ikiwa ndani ya maboksi matano, imefunguliwa yote na mtu aliyeshindwa kuirudishia, pamoja na kitabu cha Kitaliano ambacho hakujua kukisoma. Alikifuata kwa picha na namba, maana namba hazina lugha. Ilipokamilika, injini yake ilitokeza mitungi miwili kushoto na kulia, kama viwiko vya mtu anayepenya kwenye foleni. Dada yake Fundi ndiye aliyeibatiza jina la Bi Mdogo. "Kaka yangu ana wake wawili," alikuwa akisema, "na bi mkubwa ndiye anayempigia mdogo deki." Jina likashika.

Bi mkubwa mwenyewe alikuwa karani wa mahakama, mstaafu. Miaka thelathini na mmoja aliandika yaliyosemwa mbele ya hakimu, neno kwa neno, hata yale ambayo kila mtu ukumbini alijua ni uongo. Lililosemwa aliliandika, lisilosemwa hakuliandika, basi. Mumewe alimwita Karani, nyumbani na mbele za watu. Yeye alimwita Fundi, kwa kuwa alikuwa fundi wa lifti, mtu aliyemaliza ujana wake ndani ya mashimo ya maghorofa akikaza bolti ambazo roho za watu wasiomjua zilizitegemea.

Huko kwenye lifti ndiko alikotoka na tabia ya alama. Ukishakaza bolti, unachora mstari mwembamba wa rangi kuanzia kichwa cha bolti hadi kwenye chuma kinachokibeba. Bolti ikijizungusha hata kidogo, mstari unakatika, na mtu mwenye tochi anauona papo hapo. Fundi aliileta tabia hiyo kwa Bi Mdogo, akatumia rangi ya kucha ya mkewe, nyekundu, kwa kuwa hushika vizuri kwenye chuma. Ila vidole vyake vilikuwa vinene kwa brashi ile ndogo, kila akichora anapaka nusu ya injini. Ndipo kazi ya alama ikawa ya Karani.

Walikuwa na utaratibu wao. Fundi anakaza kwa spana ya kupimia, ile ambayo ikifika kipimo hulia ta. Ikilia, anasema, "Andika." Karani anachovya brashi, anachora, anajibu, "Imeandikwa." Bila neno hakuna rangi. Majirani waliowasikia dirishani Jumamosi asubuhi, andika, imeandikwa, andika, imeandikwa, waliwaona wamepungukiwa kidogo. Waache waone hivyo. Zipo ndoa nyingi ambamo watu hawaambiani hata hayo mawili kwa wiki nzima.

Ajali yenyewe ilitokea mchana kweupe, barabara kavu, hakuna gari mbele wala nyuma. Kwenye tairi la mbele kuna chuma kinachobeba pedi za breki, mafundi hukiita nyumba ya pedi, nacho hushikiliwa na bolti mbili. Bolti moja ilidondoka njiani, ya pili ikalegea. Fundi alipobana breki kwenye mteremko, nyumba ya pedi iligeuka ikaingia kwenye spoku, tairi likakwama ghafla, na yeye akarushwa mbele. Uti wa mgongo ukavunjika. Kuanzia kifuani kwenda chini hakusikia tena kitu.

Polisi waliandika kwenye ripoti: uzembe wa matengenezo. Fundi alisomewa maneno hayo akiwa bado hospitalini, na ukiniuliza mimi, yalimuumiza kuliko mgongo. Miaka arobaini kwenye lifti hakuna mtu aliyedondoka kwa mkono wake. Dada yake, mwanamke asiyejua kunong'ona, alimsimamia kitandani akasema, "Umri huo, kaka. Umesahau kukaza, tusizungushane." Wenzake wa kazini walikuja kumjulia hali, wakazungumza mambo mengi, na hakuna aliyetaja breki. Ukimya wao aliuelewa.

Sasa figo zilikuwa zinachoka. Daktari hakuzunguka mbuyu, aliwaambia wote wawili kwamba ni wiki, si miezi. Ndipo Fundi akaanza kusumbua pikipiki iletwe.

"Nataka kujua kabla sijaenda," alimwambia mkewe siku ile wabebaji walipoondoka. Alikuwa amegeuza uso kuelekea mlango uliokuwa wazi kati ya vyumba viwili, ingawa alichoweza kuona ni fremu na kipande cha ukuta. "Siku ile siikumbuki. Nakumbuka pedi, nakumbuka tairi, halafu giza. Wewe nenda kaangalie alama. Kama kwenye nyumba ya pedi hakuna nyekundu, basi nilisahau, na dada yuko sahihi. Kama nyekundu ipo, nilikaza, na chuma ndicho kilichonisaliti. Nitakufa, lakini nitakufa fundi."

Karani alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji mkononi. Alisema ataangalia kesho, leo kumekuwa na vumbi. Akakiweka kikombe chini bila kumlisha.

Maana yeye aliikumbuka siku ile yote.

Walikuwa wamenuniana. Sababu yenyewe ukiisikia utacheka. Fundi alikuwa amechukua sufuria kubwa ya mkewe, ile mpya, akachemshia vipande vya kabureta ili vitoke utando wa petroli, kisha akaisugua kwa sabuni na kuirudisha rafuni kimyakimya. Pua ya Karani haikudanganyika. Akasema aliyosema, Fundi akajibu kwamba sufuria ni sufuria tu, na kuanzia hapo nyumba ikawa kimya siku tatu. Kila mmoja alijiapiza kwamba hatakuwa wa kwanza kufungua kinywa.

Lakini tairi la mbele lilikuwa limeshafunguliwa, pedi mpya ziko mezani, na Jumamosi ni Jumamosi. Fundi aliingia chumba cha pili, Karani akamfuata na chupa yake ya rangi, uso umevimba. Hakukuwa na andika, hakukuwa na imeandikwa. Fundi alikaza, spana ikalia ta, akasogea pembeni; Karani akaingia pale alipotoka, akachora. Akisogea huyu, anaingia yule. Bolti kumi na moja zilikwenda hivyo bila kosa.

Zile mbili za nyumba ya pedi Fundi alizitia kwa vidole, akazizungusha mpaka zikagusa. Alikuwa anageuka kuchukua spana ya kupimia pale mtu alipogonga geti. Alikuwa msoma mita ya maji. Fundi akainuka, akajifuta mikono, akatoka. Nafasi ikabaki wazi mbele ya tairi.

Karani hakusikia ta. Hilo halina ubishi, na alishajihukumu nalo mara mia. Alichuchumaa na brashi mkononi, akawaza kwamba hizi bado. Akawaza tena kwamba akimsubiri amuulize, atakuwa yeye aliyeanza kusema. Hasira ya sufuria ilikuwa bado ya moto kifuani. Akasema moyoni, kasogea mwenyewe, shauri yake. Akachora mistari miwili, safi, minyoofu, akafunika chupa akaenda zake jikoni.

Fundi aliporudi akaona nyekundu. Kwa miaka kumi na tisa nyekundu haikuwahi kumdanganya. Akaokota spana, akaendelea na ekseli.

Jumapili walipatana. Fundi ndiye aliyeanza, alikuja jikoni akasema yeye ni mpumbavu, na Karani akacheka, na katika furaha ile akasahau kabisa bolti. Jumatatu Fundi akawasha Bi Mdogo akaenda mjini. Karani alikumbuka saa ileile simu ya hospitali ilipoita, kabla hata hajaipokea.

Hakumwambia mtu. Mwanzoni alijiambia kwamba apone kwanza. Baadaye akajiambia kwamba hataongeza uchungu juu ya uchungu. Miezi ikapita, na kila mwezi ulifanya neno lile liwe zito zaidi kulitoa.

Asubuhi iliyofuata siku ya wabebaji, baada ya wifi yake kuja na kumsaidia kumgeuza mgonjwa, kumsafisha na kumpaka dawa kwenye vidonda vya mgongo, Karani aliingia chumba cha pili akafungua gunia. Kulikuwa na vioo vilivyovunjika, mpini wa klachi, taa ya nyuma. Chini kabisa kulikuwa na sufuria. Ilikuwa mpya, kubwa, imepondeka upande mmoja, bado ina karatasi ya dukani.

Alikaa nayo sakafuni; ile ya kabureta ilikuwa bado rafuni jikoni.

"Umefika wapi?" Fundi aliuliza kutoka kule.

"Natoa vitu kwenye gunia."

"Nenda mbele. Mguu wa kushoto, chini."

Alikwenda. Nyumba ya pedi ilikuwa imening'inia kwenye mpira wa breki, imekwaruzwa na spoku. Tundu moja lilikuwa tupu, na pembeni yake, kwenye chuma, kulikuwa na nusu ya mstari mwekundu. Bolti ya pili ilikuwa bado imo, imetoka kidole kizima, na kichwani kwake nusu nyingine ya mstari ilitazama upande usiohusika.

"Karani. Zipo au hazipo?"

Angeweza kusema hapo. Mdomo ulikuwa wazi. Lakini aliisikia sauti ya mumewe ilivyokuwa imekauka kwa kungoja, sauti ya mshtakiwa anapoambiwa asimame, naye alizisikia nyingi.

"Zipo," alisema. "Zote mbili. Mistari imekatika, lakini ipo."

Kule chumbani akasikia mumewe analia. Hakuwa amelia hospitalini, wala daktari alipotaja wiki. Karani alibaki amechuchumaa mbele ya tairi, na kila alichosema kilikuwa kweli tupu, na alijiona mchafu kama kitambaa cha kufutia oili.

Siku nne zilizofuata zilikuwa za furaha, na ndizo mbaya kuliko zote. Fundi alikula. Aliomba kunyolewa. Dada yake alipokuja alimwambia kabla hajaweka mkoba chini, "Nyekundu ipo. Nilikaza."

"Mimi nilisema nini?" dada akajibu bila haya yoyote. "Nilijua hivyo vyuma vya ng'ambo vina walakini."

Fundi alitaka Bi Mdogo atengenezwe. Kamba, mwanafunzi wake wa kwanza kwenye lifti, ambaye sasa naye ana mvi na karakana yake mwenyewe, alikuja akachukua miguu ya mbele na tairi, akarudi na miguu imenyooshwa na tairi limefungwa spoku mpya. Yaliyobaki alipewa Karani. Fundi alimwongoza kwa sauti, amelala chali, macho darini. Alimfundisha kupima nafasi za valvu kwa visu vyembamba vya chuma, injini ikiwa baridi. "Kisu kipite kwa shida kidogo, kama unavuta karatasi chini ya kitabu. Kikipita bure, umelegeza." Alimfanya abadilishe oili na kuzungusha injini kwa mkono ili aisikilize. Kwa masikio tu alijua anatumia spana namba ngapi.

"Hiyo kumi na tatu, weka. Chukua kumi na mbili."

"Umejuaje?"

"Imelia kama imevaa viatu vya kaka yake."

Karani alicheka. Hawakuwa wamecheka pamoja tangu Jumapili ile. Alijikuta anafikiri, kwa nini isiwe hivi mpaka mwisho? Wiki mbili, tatu. Nani atadhurika?

Siku ya tano Kamba alikuja kumtazama, na Fundi akamwambia mkewe alete karatasi na kalamu.

"Andika," alisema. Neno lile lile. "Barua kwa vijana wa karakana ya Kamba, ibandikwe ukutani. Wajue kwamba mimi, fundi wao wa zamani, sikuacha bolti. Sema hivi. Bolti mbili za nyumba ya pedi zilikazwa kwa kipimo, na baada ya kukazwa ziliandikwa, mbele ya macho ya mke wangu, karani wa mahakama, anayethibitisha kwa saini yake."

Kamba aliinamisha kichwa kwa heshima. Karani aliiweka karatasi juu ya goti. Aliandika tarehe. Aliandika bolti mbili za nyumba ya pedi. Kisha kalamu ikasimama.

"Zilikazwa kwa kipimo," Fundi alirudia, taratibu, kama watu wanavyomrudia karani aliyepitwa.

Mkono haukwenda. Mbele ya mahakimu sita aliandika uongo wa watu wengine, ukawa wao, ukabaki wao. Huu ulikuwa wake.

"Kamba," alisema, "nisamehe, baba. Tuache kidogo na mzee."

Kamba alitazama huyu, akatazama yule, akachukua kofia yake akatoka.

Karani alimweleza mumewe yote, kuanzia sufuria hadi msoma mita. Hakujipunguzia. Alisema, "Sikusikia ta, nikachora kwa hasira. Uliporudi uliona rangi yangu ukaamini. Hukusahau, Fundi. Ni mimi."

Fundi hakugeuza macho kutoka darini.

"Hukusikia ta."

"Sikusikia."

"Ukaandika."

"Nikaandika."

Nje mtu alikuwa anakung'uta mkeka. Karani alingoja tusi, alingoja kilio, alingoja lolote.

"Miezi minane," Fundi alisema. "Nimelala hapa nikijitafuta nilipokosea. Unanilisha kwa kijiko, unanitazama." Akafumba macho. "Funga mlango."

"Upi?"

"Wa huko kwa pikipiki. Na huu wako pia."

Siku mbili milango ilifungwa. Karani aliingia kumlisha na kumgeuza, na Fundi alifumba macho mpaka atoke. Maji alikunywa, chakula alikisukuma kwa ulimi. Wifi aliona mambo yamebadilika, na kwa kuwa hana mlango mdomoni, akauliza ile barua ya ukutani imefikia wapi. Karani alikuwa koridoni na beseni, akasikia kila neno.

"Hakuna barua," Fundi alimjibu dada yake. "Nilijidanganya. Nilisahau kukaza, kama ulivyosema."

"Si ulisema nyekundu ipo?"

"Nilisahau, dada. Niache nipumzike."

Karani aliegemea ukuta, maji ya beseni yakammwagikia miguuni. Afadhali angemtukana. Afadhali angemwita dada yake na mtaa mzima akawaambia. Amemfichia siri mbele ya watu, na yeye mwenyewe hajamtupia hata neno, na Karani hakujua aibebe vipi fadhila ya namna hiyo.

Siku ya tatu asubuhi sauti ilitoka chumbani, nyembamba.

"Karani. Fungua milango."

Alifungua yote.

"Una dawa ya kutolea rangi ya kucha?"

"Ninayo."

"Toa rangi yote kwenye Bi Mdogo, kila bolti. Sijui tena ipi ni yangu na ipi ni ya hasira zako. Ukimaliza, legeza, kaza upya, na mimi nisikie."

Zilikuwa bolti sitini na nne. Karani alizihesabu akiwa amepiga magoti juu ya turubai, pamba mkononi, dawa ikimchoma macho. Alama za miaka kumi na tisa zilitoka zikawa utelezi wa waridi kwenye vidole. Kisha akaanza, kutoka nyuma kwenda mbele. Fundi alitaja kipimo bila kitabu, Karani akaweka spana, akavuta kwa mikono miwili, maana nguvu zake hazikuwa za kazi ile. Ta.

Alingoja. Brashi ilikuwa juu ya chupa.

"Andika," Fundi alisema.

"Imeandikwa."

Alilia, lakini mkono ulinyooka.

Walikwenda hivyo siku sita. Siku moja bolti ishirini, nyingine kumi na tano, siku nyingine tatu tu kwa sababu Fundi alizidiwa na kutapika. Hawakuzungumza lingine. Sauti yake ilipungua, ikabidi Karani ashikilie pumzi ili aisikie, na wakati mwingine kati ya ta na andika palipita muda mrefu kiasi kwamba alidhani amekwenda. Kisha neno lingekuja. Hakulikosa hata mara moja, na Karani alianza kutumaini. Alijiona anaisogelea sehemu ya mbele ya pikipiki kama mtu anayesogea mezani kwa hakimu.

Siku ya sita zilibaki mbili.

Aliweka mpya zote mbili, alizoleta Kamba. Alizitia kwa vidole mpaka zikagusa. Akachukua spana ya kupimia.

"Nipe kipimo, Fundi."

Akampa. Karani akavuta ya juu. Ta. Akavuta ya chini. Ta. Mlio ulikuwa mkubwa katika nyumba ile tulivu, hata mtu wa barabarani angeusikia.

Alichovya brashi akaishika juu ya chuma.

"Zimelia," alisema.

"Nimesikia."

Alingoja. Tone la rangi lilikusanyika kwenye ncha, likadondokea turubai. Aliichovya tena. Jua lilikuwa limefika katikati ya pazia, kisha likapita. Magoti yalikufa ganzi. Rangi ilikauka juu ya brashi ikawa ngumu kama kucha yenyewe.

"Fundi, nipo hapa."

"Najua ulipo."

"Basi sema."

Alimsikia anavuta pumzi, ile ya kutoka mbali, akaitoa.

"Siwezi, Karani," alisema. Haikuwa kwa hasira. Alisema kama mtu anayeomba radhi kwamba mzigo umemshinda kuinua. "Nimejaribu tangu jana. Siwezi."

Karani alifunika chupa. Aliingia chumbani akamgeuza ubavu, akampangusa mdomo, na safari hii Fundi hakufumba macho. Siku tatu baadaye alikufa, adhuhuri, dada yake akiwa ameshika miguu isiyosikia na mkewe akiwa ameshika kichwa.

Baada ya mazishi Kamba alikuja kumchukua Bi Mdogo, kama Fundi alivyokuwa ameagiza. Alivuta pazia mwanga uingie, akaizunguka pikipiki polepole na tochi yake, akiinama kila bolti, kwa namna alivyofundishwa na marehemu. Alama zote zilikuwa nyembamba na nyoofu. Alipofika mbele alichuchumaa, akamulika, akagusa kwa kidole bolti mbili za nyumba ya pedi, zilizong'aa tupu.

"Mama, hizi zimekazwa?"

"Zimekazwa. Pima mwenyewe."

Kamba akaweka spana akapima, zikalia zote mbili. Akaona chupa ya rangi dirishani, akaichukua na kuifungua.

"Basi ulizisahau," alisema kwa upole. "Ngoja nikusaidie."

Karani alinyoosha mikono akaichukua chupa kutoka mkononi mwake, akaifunika.

"Sikuzisahau," alisema. "Sikuambiwa niandike."